Jumapili Mume Wangu Alipoigiza Ukatili

Mume wangu ni mwalimu wa jiografia. Ni mtu wa sauti ya chini. Hata darasani, wanafunzi wake wameniambia, ukitaka kumsikia lazima unyamaze. Katika ndoa yetu hajawahi kuninyanyulia mkono wala kunitukana. Tukigombana huvaa viatu, hutoka nje, hupanda barabara kuelekea mlimani mpaka jasho limtoke, halafu hurudi na kuuliza kama kuna chai. Ndugu zangu wa Kilimanjaro, ambao kwao ugomvi ni kusemezana mpaka majirani wajue, walikuwa wakimcheka. Walisema nimeolewa na mtu anayekimbia maneno. Mimi nilizoea. Nina duka la kushona sare za shule hapa Kijenge, kutwa nzima nasikia cherehani na wateja, na mtu mkimya nyumbani niliona ni nafuu.

Kwa hiyo aliponiambia amejiunga na kikundi cha maigizo, nilidhani ananitania. Kikundi chenyewe kilikuwa cha watu wa mtaani tu: muuguzi, seremala, vijana wawili watatu, na binti mmoja aliyesomea sanaa chuoni akarudi nyumbani akiwa na hamu ya kufanya kitu. Huyo binti ndiye aliyekuwa mwongozaji. Walifanya mazoezi jioni kwenye ukumbi mmoja mdogo karibu na kwetu. Nikimuuliza mume wangu mchezo unahusu nini, anasema, "Njoo uone." Nikimuuliza yeye ni nani humo ndani, anasema, "Mume wa mtu."

Wiki ya kuonyesha mchezo ilipofika, mama mkwe alikuwa kwetu. Alikuwa ameshuka kutoka Ngaramtoni kuja kupimwa macho, na kama kawaida yake alikuja na dumu la maziwa na kiroba cha viazi, utadhani mjini hakuna chakula. Ni Mwarusha wa kule magharibi ya Mlima Meru, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Mumewe alifariki kabla mimi sijaolewa. Picha yake ipo ukutani Ngaramtoni, amevaa koti na tai, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia mama akimtaja kwa zaidi ya sentensi moja.

Jumapili ile mume wangu alitoka mapema kwenda kujiandaa. Mama aliponiona navaa akauliza ninakwenda wapi. Nikamwambia mwanae ana maigizo.

"Ya kanisani?" akauliza. Yeye alikuwa anajua maigizo ya Krismasi, ya wachungaji na malaika.

"Sio ya kanisani mama, lakini ni ya hapa hapa mtaani."

Akaingia chumbani akatoka amevaa kitenge chake kizuri. Nikafurahi. Niliona mume wangu atashangaa kumwona mama yake.

Ukumbi ulijaa. Hapakuwa na jukwaa la kupanda. Ilikuwa sakafu tu, meza moja, vigoda viwili, jiko la mkaa lisilo na moto, na nyuma yake shuka jeusi limetundikwa kama pazia. Sisi tulipata viti vya plastiki mstari wa pili, pembeni kidogo. Mama alikaa ameweka mikono mapajani kama yupo ibadani.

Mwanzoni watu walicheka sana. Mume wangu aliingia akiwa mfanyakazi wa ofisi anayejisifu, anarudi nyumbani anasimulia jinsi alivyomjibu bosi wake, na yule muuguzi, aliyekuwa anaigiza mke, anamwitikia huku anageuza ugali. Alikuwa anachekesha kweli. Nilijiuliza huu utani wote amekuwa akiuficha wapi. Kisha mke akasema neno dogo, akamsahihisha kidogo tu katika hadithi yake, na mume akampiga kofi. Na ukumbi ukacheka hilo nalo. Ndivyo tulivyo. Kofi kwenye maigizo ni la kuchekesha mpaka ujue si la kuchekesha.

Hakupaza sauti. Hicho ndicho kilichonitisha. Nilikuwa nategemea mlevi anayefoka, kama wanavyoigizwa siku zote. Yeye alikaa mezani taratibu, akasema, "Njoo, mke wangu," kwa sauti ile ile anayoniulizia chai. Akavua saa ya mkononi. Akailaza mezani, akaunyoosha mkanda wa saa kwa kidole mpaka ukalala sawasawa, kama mtu anayeandaa meza ya wageni. Akakunja mkono wa shati, mmoja tu, wa kulia.

Mama alinishika paja. Vidole vyake vilikuwa na nguvu nisizozitegemea.

"Ni yeye," akasema.

"Ndiyo mama, ni mwanao."

"Hapana," akasema. "Ni baba yake."

Kilichofuata sikipendi kukikumbuka, lakini nakikumbuka chote. Muuguzi alikokotwa nyuma ya meza, tukawa tunaona miguu yake tu, na mkono wa mume wangu ukipanda na kushuka na mkanda wa suruali. Mlio ulitoka nyuma ya pazia, ambako seremala alikuwa anapiga godoro kwa mkanda mwingine; hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilichosikia ni nyama. Muuguzi alikuwa analia kwa sauti ya mtu anayejizuia asisikike, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko mayowe. Alipoinuka, mdomo wake ulikuwa unatiririsha juisi ya choya, nyekundu, ikamwagikia khanga nyeupe aliyovaa. Mwanamke nyuma yangu alianza kusali kwa kunong'ona. Mwanaume mmoja alicheka peke yake, akasikia yupo peke yake, akaacha. Na mume wangu akavaa saa yake, akaifunga vizuri, akasema, "Haya, tule."

Nilitaka kumtoa mama nje. Nilimwambia, "Mama, twende, hewa ni nzito." Akatikisa kichwa.

Mchezo ukaendelea. Mke akapata mimba. Jirani alikuja kuazima chumvi, akamwona uso, akachukua chumvi yake akaondoka. Mama mzazi wa mke alikuja, akamwambia bintiye avumilie. Halafu ikawa jioni nyingine, ugali mwingine, neno dogo lingine. Mume akakaa mezani. Akapeleka mkono kwenye saa.

Hapo ukumbi mzima ulikuwa umeshaelewa. Aliivua, akailaza mezani, akaunyoosha mkanda kwa kidole.

Mama akasimama. Nilidhani anatoka nje, nikanyanyua miguu nimpishe. Akapita mbele ya watu wa mstari wa kwanza, akaingia pale walipokuwa wanaigizia, kwenye mwanga, na kitenge chake cha kutokea. Akaichukua ile saa mezani. Akaifunga kwenye pindo la kitenge, akakaza fundo.

Mume wangu alikuwa hajamwona mpaka hapo. Niliuona uso wake ukibadilika. Yule mtu aliyekuwa humo ndani alitoka, nikamwona mume wangu akiwa amebaki peke yake, mkono mmoja wa shati umekunjwa. Mama alikuwa amesimama mbele yake. Naye akafanya kile anachofanya siku zote akimwona mama yake, kile ambacho watoto wa Kiarusha wote hufanya mbele ya wakubwa wao: akainamisha kichwa asalimiwe. Mama akaweka kiganja chake juu ya utosi wa mwanae, akakiacha pale.

Nyuma ya pazia, seremala, ambaye haoni kitu, alidhani zamu yake imefika. Akapiga godoro. Ule mlio ukasikika ukumbini na hakuna aliyekuwa anapigwa. Watu waliruka vitini.

Mwongozaji alichungulia, akatoka, akasimama kando ya pazia. Mama akageuka akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akaweka mikono mapajani. Muuguzi ndiye aliyetuokoa. Alimtazama mama, akamtazama mume wangu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, tunamalizia?" Mume wangu akasema, "Tunamalizia."

Na wakamalizia. Sikuwahi kuona kazi ngumu kama ile. Bila saa, mikono ikimtetemeka, alicheza mpaka mwisho, ambako mke anaanguka na hainuki tena, na mume anakaa kando ya mwili wake na kikombe cha chai, anaonja, na kumuuliza mbona leo hakuweka sukari. Taa ikazimwa. Watu wote wakapiga makofi kwa pamoja, kwa nguvu, kama watu wanaotaka kujiamsha.

Nje kulikuwa bado kweupe na mawingu yalikuwa yameondoka, Meru yote inaonekana. Tulisimama ukutani kumsubiri. Alikuja na madoa ya choya kwenye shati.

"Yeyo," akamwambia mama yake, kama wanavyomwita mama kwao. "Sikujua utakuja."

"Ningejua, nisingekuja," akasema mama. "Lakini nimekuja."

"Umekasirika?"

Mama akauliza lake. "Ulikuwa unaona ukiwa wapi?"

"Mlangoni. Pale penye ufa wa ubao."

"Mimi nilidhani umelala."

"Nilikuwa silali."

Mama akaishika mikono yake yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama kwa yale macho yake yaliyokuwa yanahitaji miwani. Ilikuwa bado inatetemeka.

"Yake haikuwahi kutetemeka," akasema. Kisha akasema anakwenda nyumbani kupika loshoro, kwa sababu mtu aliyefanya kazi ya namna ile anahitaji kula.

Akapika kweli, makande yake kwa maziwa ya mgando, akasimama juu ya mwanae mpaka amalize bakuli. Hawakuzungumza zaidi ya hapo, au kama walizungumza, walifanya hivyo kwa Kiarusha jikoni mimi nikiwa sebuleni, na sikutaka kuwaingilia.

Mimi nilimuuliza asubuhi, tukisubiri maziwa yachemke. Akaniambia kwamba kwenye karatasi za mchezo palikuwa na neno moja tu, "anampiga." Siku za kwanza za mazoezi mwongozaji alikuwa anamwambia, "Mwalimu, unapiga kama mwalimu wa zamu. Huyu mtu simwamini. Nenda kamtafute." Naye akaenda nyumbani akamtafuta, na hakuhitaji kwenda mbali. Siku iliyofuata alivua saa akailaza mezani, na mazoezi yakasimama.

"Ndiyo maana ukikasirika unatoka nje?" nikauliza.

Alikuwa anayaangalia maziwa. "Sijui mikono hii imerithi nini," akasema. "Naona bora niitembeze."

Nilimkumbatia pale pale, maziwa yakafurika yakazima jiko. Nilifikiria barabara zote alizopanda katika miaka yetu, mvua na vumbi, huku mimi nimekaa nyumbani nimenuna, bila kujua nini kinanikinga.

Sasa niseme la kuchekesha, kwa sababu lilikuwepo. Wiki ile ile mtaa ulianza kunitazama usoni. Mama anayeniuzia ndizi soko la Kwa Mrombo, ambaye huwa anapigania kila kichane kama cha mwisho duniani, aliniongezea ndizi bila kuombwa, akaniegemea sikioni. "Dada, nyumbani salama?"

"Salama kabisa."

"Yule mzee wako nimemwona. Mimi sisemi kitu. Lakini mlango wangu unaufahamu, hata usiku gonga."

"Dada, yale ni maigizo."

"Ndiyo," akasema, akiniangalia shingoni kama kuna alama. "Maigizo."

Hakuwa peke yake. Jirani alianza kuja kuazima vitu ambavyo najua anavyo. Fundi wangu wa dukani alinishika mkono siku moja akasema yuko tayari kulala kwangu kama nahitaji mtu. Mzee wa kanisa alikuja kumtembelea mume wangu, wakazungumza habari za mvua kwa muda mrefu, na alipoaga akamwambia, "Mwalimu, hasira ni kitu cha kuombea." Darasani, mume wangu aliniambia, akikunja mkono wa shati kuandika ubaoni, wanafunzi wananyamaza kama maji ya mtungini. Alikuwa anaona aibu, mimi nilikuwa nacheka mpaka natoa machozi.

Tulipokwenda Ngaramtoni nilimsimulia mama haya yote, nikimwigiza muuza ndizi alivyoniegemea sikioni. Mama alicheka. Kucheka kwake ni mabega tu, sauti haitoki. Kisha mabega yakatulia.

"Wangekuwepo hao wakati wangu," akasema.

Sikucheka tena. Nilikuwa nimeuchukulia wema wote ule kama kichekesho, watu wamechanganya mchezo na maisha. Siku ile kwa mara ya kwanza niliona kwamba wanawake wa mtaa wangu, kwa kukosea, walikuwa wamenionyesha wangefanya nini kama ingekuwa kweli. Niliporudi nilinunua kwa yule mama wa sokoni ndizi nyingi kuliko tunazoweza kula, na hakuelewa kwa nini nilimng'ang'ania mkono.

Lakini mama alikuwa hajamaliza. Siku ile ile, wakati tunaaga, akamwambia mwanae, "Hao wenzio wa maigizo waje na huku."

Mume wangu akadhani hakusikia vizuri. "Waje kufanya nini, yeyo?"

"Wanachokifanya."

Mama alikwenda mwenyewe kumwomba mchungaji ukumbi wa usharika. Mchungaji, kijana mpole, alikuwa amesikia habari za ule mchezo, akasita. Akasema, "Mama, watakuja na watoto."

"Mchungaji," mama akamjibu, "watoto ndio wanaojua."

Akapewa ukumbi. Walicheza Jumamosi mchana, watu wakitoka shambani na wengine na fimbo zao za kuchungia wamezilaza chini ya mabenchi. Saa aliyoivua mume wangu ilikuwa nyingine. Ile ya kwanza mama hakuirudisha na hakuna aliyethubutu kuidai. Alikaa mstari wa mbele, na safari hii hakuinuka. Wazee wa kiume walikaa upande mmoja, na kwenye kofi la kwanza walicheka kama walivyocheka wa Kijenge, na baadaye wakanyamaza kama wa Kijenge. Kati yao alikuwepo mdogo wake marehemu baba mkwe. Nyumba yake iko chini ya nyumba ya mama, mgomba kwa mgomba. Jirani wa kwenye mchezo alipokuja kuazima chumvi, nilimwona yule mzee akiangalia sakafu, na hakuinua macho tena mpaka mwisho.

Watu walipotoka, alikuja pale mama alipokuwa amesimama na mimi na mume wangu. Alivua kofia yake.

"Shemeji," akasema. "Tulikuwa tunasikia."

Mama alimtazama.

"Mimi na mke wangu. Tulikuwa tunasikia yote. Tulikuwa tunasema, kesho nitakwenda kuzungumza na kaka." Akaikunja ile kofia. "Sikwenda."

"Najua mlikuwa mnasikia," mama akasema. "Nilikuwa naona taa yenu inawashwa."

Mzee aliendelea kuikunja kofia. Mume wangu alisogea, nadhani alitaka kumsaidia baba yake mdogo, lakini mama aliinua mkono akamzuia. Walisimama hivyo, watu wakitupita na kusalimia, shikamoo, marahaba, na ng'ombe wa mtu wakivuka barabara.

"Nimekusikia," mama akasema mwishowe. "Kesho ukitoka kanisani pita kwangu."

Hakusema amemsamehe, na mimi sikumuuliza. Najua tu kwamba kesho yake mzee alipita, na Jumapili iliyofuata akapita tena, na kwamba siku hizi nikifika Ngaramtoni mama huweza kuniambia habari za marehemu mumewe kama mtu: kwamba aliimba vizuri, kwamba aliogopa ng'ombe madume, kwamba alimvunja mkono huu hapa, ndiyo maana haunyooki. Nilikuwa nimeuona mkono ule miaka yote. Nilidhani ni uzee.

Jioni ya Jumamosi ile, kabla ya gari la kikundi kuondoka, mama aliwaita wote nyumbani kwake kwa chai. Nyumba ilijaa vijana, vicheko, vikombe havikutosha. Muuguzi alikuwa bado ana choya kidevuni. Mama alimkalisha kwenye kigoda, akachota samli kwenye chupa, akaanza kumchua mabega na mgongo, polepole, sehemu zote ambazo tuliona amepigwa.

"Mama, sijaumia," muuguzi akasema akicheka. "Yalikuwa maigizo tu. Ni godoro lile."

"Najua," mama akasema, na hakuacha.

Muuguzi alicheka tena kidogo, akatutazama sisi kuomba msaada. Hakuna aliyempa. Basi akainamisha kichwa, akalegeza shingo, akaacha achuliwe.